Tone la Tatu

Rangi ilikuwa ya mitumbwi:
nyekundu ya namba za usajili, buluu ya ubavuni,
nyeupe iliyobaki kwenye kopo la mzee Lushinge.
Kanisa la Kayenze halikuwa na fedha
za kununulia rangi ya watakatifu.

Padri Evarist alileta kadi ndogo, kingo zimeliwa na mende:
mwanakondoo na bendera, simba mwenye mabawa,
ng'ombe, tai, samaki mmoja,
na juu kabisa ndege anayejidonoa kifua
makinda wanywe damu.
“Hawa wanamhubiri Yeye,” alisema. “Wote.”
Baba mdogo Masalu, aliyezoea kuandika
LEO FEDHA KESHO MKOPO kwenye milango ya maduka,
akaikodolea kadi kama mtu anayesoma deni.

Ng'ombe hakumsumbua. Alimpa mabaka
ya yule wa mahari ya shangazi, pembe moja imeinama,
Luka akapata mnyama wake.
Tai akawa furukombe, kichwa cheupe, mdomo wazi.
Simba tulimnakili kwenye mfuko wa saruji,
mabawa tukamwongezea.

Ugomvi ulianza kwenye samaki.
“Sangara,” alisema mwenye mitumbwi sita, “ndiye anayetulisha.”
“Sangara kawamaliza furu,” bibi Nyanzobe akajibu, akifagia,
“mimi sikipigii magoti kinywa kile.”
Sato? Sato siku hizi hulala hotelini.
Masalu alinyamaza siku mbili,
Jumatano akachora dagaa.
Kundi zima, ukanda wa fedha
uliopita chini ya altare toka ukuta hadi ukuta,
kila mmoja urefu wa kidole changu, kila mmoja na jicho.
“Huyu tunamla mzima,” alisema.
“Kichwa, macho, mwiba. Paka haachiwi kitu.”

Padri alitazama muda mrefu, kisha akauliza:
“Na karabai?”
Maana sote tulijua dagaa huufuata mwanga
usiku usio na mwezi,
na mwanga ndio unaowaua.
Masalu alikoroga rangi. Nami mpaka leo
swali lile nalipita kando.

Akabaki mwari.
Wanawake wa kuanika wanamjua: mfuko kooni,
mwizi wa vichanja.
“Hajitoboi,” mama yangu alisema. “Anabana mdomo kifuani
ili ateme samaki. Nimemwona Igombe mara ngapi.”
Alisema hivyo akiwa benchi la mbele,
mdogo wangu kang'ang'ania titi lenye chuchu iliyochanika,
uso wa mama umejikunja,
mkono wake umeshika kichwa cha mtoto
asitoke.
Masalu aliutazama uso ule. Akapanda ngazi.

Ngazi nilishika mimi.
Matone yalikuwa mawili, ndivyo kadi ilivyoonyesha.
Basi wale wadudu wa ziwani wakaingia dirishani, wingu zima,
mmoja akanitua jichoni,
nikaachia mkono mmoja, brashi juu ikaruka,
na tone likateremka ukutani, refu, likapita makinda,
likakaukia usawa wa kifua cha mtu mzima.
Masalu alisema neno la Kisukuma
ambalo kanisa lile halijalisikia tena.

Sasa katekista Deogratias anawafundisha watoto wa komunyo:
matone matatu, Baba, Mwana na Roho.
Mgeni mmoja kutoka Bukoba alishikilia kuwa ni misumari,
akaandika kwenye daftari lake.
Na mama Mhoja, ambaye ziwa lilimchukulia wanawe,
baada ya misa huligusa la chini,
ndilo pekee analolifikia.
Wekundu wake umeanza kufifia,
rangi ya chokaa inachungulia.

Mimi hukaa benchi la nyuma.
Naijua ngazi. Namjua mdudu.
Mwaka juzi walinituma kopo la rangi
nilirudishie lile tone. Nilikwenda asubuhi,
nikamkuta mama Mhoja kasimama pale, kiganja ukutani,
nikalificha kopo nyuma ya mlango.